Barua ya wazi kwa wanaolitunza Kanisa la Mtakatifu Fransisko, Ouro Preto: tajeni na mikono mingine

Kwenu Waheshimiwa mnaolitunza Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Ouro Preto, jimbo la Minas Gerais, Brazili: mapadri, viongozi wa mji, na maafisa wa urithi wa taifa.

Salamu nyingi kutoka Tabaka, kaunti ya Kisii, magharibi mwa Kenya.

Mimi ni mchongaji wa mawe. Baba yangu alichonga, mama yangu alipiga msasa, na karo yangu ya shule ililipwa na viboko na twiga wa mawe waliopakiwa kwenye masanduku yenye nyasi kavu. Milima yetu ina jiwe laini la rangi ya maziwa, la waridi, na mara nyingine lenye mishipa ya kahawia. Tunalichimba kwa jembe na mtaimbo, tunalipasua kwa panga, tunalipa umbo kwa kisu, halafu akina mama wanaliweka kwenye beseni la maji na kulisugua kwa msasa hadi liteleze. Ninyi mnaliita pedra-sabão, jiwe la sabuni. Nasi tunaliita hivyo hivyo, ingawa sokoni Nairobi linajulikana tu kama jiwe la Kisii.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka wenzangu wa vibandani waisome barua hii kabla haijawafikia. Rafiki aliyenialika Brazili ameahidi kuigeuza Kireno bila kuipaka asali.

Nianze na ombi lenyewe, msije mkalitafuta. Naomba kanisa hili litajwe kwa majina ya watu wote waliolitia mkono ambao majina yao yamebaki, wakiwemo waliokuwa watumwa. Na naomba wanaolijua jiwe kwa vidole vyao, yaani wachongaji wa leo wa huko kwenu, wapewe kiti kati ya wanaolitunza. Mnaweza kuona hayo ni maombi mawili. Kwangu ni moja, na nitaeleza kwa nini.

Nilifika asubuhi, ukungu ukiwa umelala bondeni na kilele cha Itacolomi kikiwa kimechomoza juu yake kama jino. Barabara za mawe zinapanda na kushuka mpaka magoti yanalalamika. Mbele ya kanisa, kwenye uwanja wa Largo de Coimbra, kuna soko la wachongaji. Nilisikia msasa kabla sijaona mtu, na moyo wangu ukatulia, maana sauti ile ningeijua hata usingizini. Mama mmoja muuzaji alinipa kisanduku kidogo cha kijivu nikitazame. Nilikigeuza kichwa chini, kama tunavyofanya sisi, kwa sababu juu kila mtu hung'arisha. Ni chini unapomjua fundi. Mistari ya tupa ilikuwa palepale, imeelekea upande mmoja, imekatishwa pembeni ili pembe isibanduke. Nilimwonyesha kwa kidole, akacheka, akaelewa kwamba mimi ni wa kazi hiyo.

Halafu nikainua macho, nikaliona lango.

Nimechonga kwa zaidi ya miaka ishirini. Najua jiwe laini linakubali nini na linakataa nini. Likitoka shimoni lina maji ndani yake na kisu huingia bila kelele. Likikaa juani hukauka, huwa gumu kidogo, na lisipotunzwa hupasuka mahali ambapo hukutarajia. Ukilikata jembamba mno huvunjika kwa uzito wake. Kwa hiyo sisi wa vinyago vidogo hupenda umbo la kujikunja: kiboko aliyelala, mama aliyembana mtoto kifuani. Kitu kisichochomoza hakivunjiki.

Lango la Mtakatifu Fransisko limefanya kinyume cha yote hayo. Vichwa vya malaika vimetoka nje ya ukuta kana kwamba vinataka kusikia unachosema. Utepe wa jiwe unapinda, unajikunja, unapita nyuma ya ngao, unatokea upande wa pili, na ukiufuata kwa macho huoni mahali ulipounganishwa. Kuna ngao ya Wafransisko na ngao ya Ureno, taji, na Bikira juu yake. Aliyechonga alikata chini kwa chini, akaondoa jiwe nyuma ya umbo mpaka kivuli kikaingia na kukaa humo. Ndiyo sababu jua la asubuhi na la saa kumi huonyesha malango mawili tofauti. Juu zaidi, mahali ambapo makanisa mengine ya wakati ule yana dirisha la mviringo, yeye aliliziba na kuweka picha ya duara: Mtakatifu Fransisko amepiga magoti mlimani, akipokea majeraha ya Kristo. Aliinyima nave, yaani ukumbi wa waumini, nuru ya dirisha ili ukuta wa nje useme jambo. Fundi mwoga hafanyi hivyo.

Jengo lenyewe nalo halikai tuli. Minara miwili ni ya duara, nayo imerudishwa nyuma kidogo, hivi kwamba uso wa kanisa unatokeza kati yake kama mtu anayetanguliza bega kupita mlangoni. Nguzo na kingo zimechongwa kwa jiwe gumu la manjano, kwatsaiti ya Itacolomi. Mapambo ni ya jiwe la sabuni lenye rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Ukuta umepakwa chokaa nyeupe. Gumu linabeba, laini linasema. Wasomi hubishana kama mtindo huu uitwe Baroko au Rokoko, nao wana haki ya kubishana, lakini fundi yeyote akisimama pale ataona kwanza huo mgawanyo wa kazi kati ya mawe mawili.

Historia yake mnaijua kuliko mimi, ila wasomaji wangu hawaijui, mniruhusu niwasimulie. Mwishoni mwa karne ya 17, watafuta mali waliotoka upande wa São Paulo waliokota mitoni vijiwe vyeusi ambavyo ndani ya gamba lake vilikuwa dhahabu. Ndilo jina Ouro Preto, dhahabu nyeusi. Mwaka 1711 vijiji vya wachimbaji viliunganishwa kuwa mji ulioitwa Vila Rica, Mji Tajiri. Mfalme wa Ureno alichukua fungu moja kati ya matano ya dhahabu yote, na kwa kuogopa mapadri wa mashirika kutorosha dhahabu, aliwakataza watawa kujenga nyumba zao katika eneo lile la machimbo. Kwa hiyo huko kwenu hakukuwa na monasteri kubwa kama za pwani ya Brazili. Makanisa yalijengwa na vyama vya waumini wa kawaida, kila chama na mtakatifu wake, fedha zake na wivu wake kwa chama jirani. Ndiyo maana mji mdogo wa milimani una makanisa mengi kiasi kile, kila moja limejitwalia kilima chake.

Kanisa la Mtakatifu Fransisko lilianza kujengwa mwaka 1766 kwa ajili ya Shirika la Tatu la Wafransisko, chama cha watu wenye uwezo. Mchoro wake ni wa Antônio Francisco Lisboa. Dunia inamwita Aleijadinho, jina la utani lenye maana ya kilema mdogo. Sitalitumia tena katika barua hii. Kwetu Tabaka kuna wachongaji wenye ulemavu, na hakuna anayewaita kwa ulemavu wao mbele ya wateja. Nitamwita Antônio Francisco, kama mama yake alivyomwita.

Mama yake aliitwa Isabel. Alikuwa Mwafrika na mtumwa. Baba alikuwa Manuel Francisco Lisboa, Mreno, fundi mkubwa wa majengo, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la parokia ya Antônio Dias. Inasimuliwa kwamba mtoto alizaliwa mtumwa na baba yake akamwacha huru siku ya ubatizo. Huyo mtoto ndiye aliyekuja kuchora jengo ambalo Unesco iliingiza, pamoja na mji wote, katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Isabel hana jina la ukoo katika masimulizi, hana kabila, hana kaburi linaloonyeshwa wageni. Ana jina moja tu. Basi hilo moja liandikwe.

Kuna jambo nililoliona nilipoingia ndani, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Antônio Francisco alianza kuugua takriban mwaka 1777. Ugonjwa ulimla miguu na vidole. Lango la nje lilikuwa limeshachongwa kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1770, na mimbari mbili za jiwe la sabuni zilizo ndani, moja ikionyesha Yona akitupwa baharini na nyingine Yesu akihubiri kutoka mashuani, ni za mapema zaidi, mwanzoni mwa miaka hiyo. Lakini altare kuu ilichongwa kati ya 1790 na 1794, yeye akiwa na wasaidizi wake. Maana yake ni kwamba mtu akiingia kanisani mwenu na kutembea kutoka mlangoni hadi altareni, anatembea kutoka kwa mikono mizima ya mtu mmoja hadi kwa mikono iliyoharibika ya mtu yuleyule. Nilitembea njia hiyo mara tatu. Nilikuwa natafuta mahali kazi inapolegea. Sikupaona.

Inawezekanaje? Kwetu tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Rodrigo Bretas, aliyeandika maisha ya Antônio Francisco mwaka 1858, miaka 44 baada ya kifo chake, alipata habari nyingi kutoka kwa Joana Lopes, mkunga, mke wa mwana wa mchongaji huyo, ambaye ndiye aliyemuuguza mwishoni. Kwa simulizi hiyo, watumwa wake walimfungia patasi na nyundo mikononi. Watumwa hao wametajwa: Maurício na Agostinho, wachongaji, na Januário, aliyeongoza punda aliyembeba bwana wake kwenda na kurudi kazini. Maurício alipewa sehemu ya malipo ya kazi, na huyohuyo Maurício alipigwa kwa nyundo ileile aliyomfungia bwana wake, maumivu yalipomzidi mgonjwa. Januário, Mwafrika aliyenunuliwa, alijaribu kujiua kwa wembe.

Wanahistoria wengine wanaiona simulizi ya Bretas kuwa imetiwa chumvi, na inawezekana imetiwa. Lakini hakuna mchongaji atakayewaambia kwamba altare kama ile ni kazi ya mtu mmoja, awe mzima au mgonjwa. Mtu aliyefungiwa patasi kwenye kiganja anaweza kukata mkato mkubwa, anaweza kuamua uso utazame wapi. Ukucha wa malaika, tundu la pua, uzi wa nywele, hivyo vinataka vidole. Vidole hivyo vilikuwa vya nani? Mtoto aliyemwona mama yake akimalizia kazi ya baba kwa miaka, halafu akaona kinyago kikiuzwa kwa jina la baba pekee, hujiuliza swali hilo bila kufundishwa.

Mwongozaji wetu siku ile, kijana mwenye bidii, alitueleza kwa ufasaha habari za fundi mkuu, na alipofika kwa wasaidizi alisema "na wafanyakazi wake", akaendelea. Simlaumu. Alisema alichofundishwa, na muda wa kikundi ulikuwa mfupi. Lakini nilihisi kama mtu aliyesikia jina la nduguye likirukwa katika kuitwa mahudhurio.

Nawaomba basi Maurício, Agostinho, Januário na Isabel watajwe mahali wageni watakapowaona, ndani ya kanisa au mlangoni, kwa Kireno kilichonyooka, na isemwe wazi kwamba walikuwa watumwa. Hilo halimpunguzii Antônio Francisco chochote. Kazi yake itabaki pale pale ukutani.

Nyongeza moja katika jambo hili. Mashirika ya Tatu ya wakati ule yalidai "usafi wa damu" kwa wanachama wake. Mwenye damu ya Kiafrika hakupokelewa. Kwa hiyo mwenye kulichora kanisa hili, mwana wa Isabel, hakuwa na nafasi ya uanachama ndani yake. Alijiunga na chama cha Mtakatifu Yosefu, chama cha machotara. Kisha ukiinua macho kwenye dari ya nave, unaona alichokifanya Manuel da Costa Ataíde kuanzia mwaka 1801: mbingu imefunguka, malaika wanapiga vinanda, zeze na tarumbeta, na katikati yake Bikira Maria amechorwa kama mwanamke chotara, midomo mipana, rangi ya shaba. Mtu huyo asingeruhusiwa kujiunga na chama kilicholipia dari. Yuko juu yao wote, amekaa mawinguni. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama mpaka shingo ikauma. Alifanana na shangazi yangu.

Wenye kupenda vitu vidogo wasiache kutazama pia kuta za sehemu ya altare, ambapo Ataíde alichora maisha ya Ibrahimu kwa rangi ya buluu juu ya mbao, kwa kuiga vigae vya Kireno. Vigae vya kweli vilikuwa ghali kuvuka bahari na kupanda mlima. Ukipita haraka utaapa ni vigae.

Kuna neno la Kiswahili ambalo pengine hamjui kwamba ni lenu. Wareno walikuja pwani yetu, wakajenga ngome Mombasa mwaka 1593, wakatuachia meza, bendera, leso na padri. Wakatuachia pia neno gereza. Wataalamu wa lugha wanalitoa katika igreja, yaani kanisa. Kwenu neno hilo lilibaki kuwa nyumba ya sala. Kwetu likawa jela. Nililifikiria sana nikiwa nimekaa kwenye benchi lile, juu ya sakafu iliyolazwa na watu ambao hawakuchagua kuwa pale.

Wala uhusiano wetu na mji wenu hauishii kwenye neno. Katika sherehe za Rozari huko Minas Gerais kuna vikundi vya ngoma vya Congado, na kimojawapo kinaitwa Moçambique. Ndicho chenye heshima ya kuwasindikiza mfalme na malkia wa sherehe, na wachezaji wake hufunga njuga miguuni. Tena mwaka 1792, wale walioshtakiwa kwa njama ya kuitoa Vila Rica mikononi mwa Ureno walipohukumiwa, mmoja wao, Tiradentes, alinyongwa, na jaji mmoja aliyekuwa ameishi karibu kabisa na kanisa hili alifukuzwa hadi Kisiwa cha Msumbiji, akafia huko. Njia ya bahari kati yenu na upande wetu wa Afrika ilikuwa ikisafiri pande zote mbili, ingawa si kwa hiari ya wengi.

Na nendeni hadi Rosário, kanisa la watu weusi, upande mwingine wa mji. Sijui kwa nini wageni huletwa kwanza Mtakatifu Fransisko kisha huishiwa na muda. Ukuta wake wote ni mviringo, umbo la yai, jambo la ujasiri mkubwa kwa wajenzi wa karne ya 18. Ndani ni tupu kidogo, kwa sababu fedha ilikuwa ya watumwa na waliojikomboa. Katika altare zake za mbao amesimama Mtakatifu Elesbão. Huyo ni Kaleb, mfalme wa Aksum, Ethiopia, wa karne ya 6, jirani yetu wa kaskazini. Nilipoambiwa nilitaka kumpigia mtu simu. Mfalme wa huku kwetu, na katika milima ya Brazili watumwa walimpigia magoti wakati mabwana zao walipiga magoti kilima cha pili.

Sasa nirudi kwenye jiwe, kwani nililiahidi.

Jiwe la sabuni ni laini mno kuachwa peke yake. Ukucha unaweza kulikwaruza. Lina madini ambayo mvua yenye asidi huyayeyusha polepole, na likishapoteza hayo, uso wake huwa kama unga: ukipitisha kidole, kidole kinatoka na vumbi. Kuvu na kuvumwani, yaani yale madoa ya kijani na meusi, hujishikiza hapo na kusukuma mizizi yao ndani. Kule Congonhas, ambako Antônio Francisco alichonga manabii kumi na wawili kati ya 1800 na 1805, wote wako nje, na baadhi ya wageni wamekwaruza majina yao kwenye miili ya manabii. Lango la Mtakatifu Fransisko nalo liko nje, chini ya mvua za Minas kuanzia Oktoba hadi Machi.

Mna wataalamu wa maabara, na ninawaheshimu. Mimi nasema tu kwamba kuna ujuzi usiopimwa kwa chombo. Mchongaji akigonga jiwe kwa kifundo cha kidole anajua kama ndani limeachana. Akililowesha, anaona mshipa ambao ukiwa mkavu hauonekani. Akilinusa asubuhi baada ya mvua, anajua kama maji yametoka juu au yamepanda kutoka chini. Watu wenye ujuzi huo mnao. Wilaya ya Santa Rita de Ouro Preto inaishi kwa jiwe hili. Huko wanachonga sufuria za kupikia, na kwangu sufuria zile zina uzuri wa kulingana na lango lolote. Kila mara mnapopanda ngazi kukagua lango, mmoja wao apande pia, kama fundi mwenye sauti, mwenye mkataba, mwenye malipo ya mtaalamu. Vijana wao wafundishwe uhifadhi kwa fedha za umma.

Na wakichonga, wachonge kwa maji. Hili nalisema kwa uchungu. Madaktari wa nchi yenu wamechunguza mapafu ya mafundi wa jiwe la sabuni huko Ouro Preto na kukuta magonjwa ya vumbi. Kwetu Tabaka tunakohoa pia, na wengi hatuna daktari wa kutuchunguza. Beseni la mama yangu lilikuwa la kung'arisha, lakini nadhani lilimwongezea miaka pia.

Kuna mengine yanayotishia ambayo mnayajua vizuri. Tarehe 13 Januari 2022 mlima wa Morro da Forca ulimomonyoka na kuizika Solar Baeta Neves, jumba la karne ya 19. Watu walikuwa wameshaondolewa, hakuna aliyekufa. Mto wa matope wa bwawa la Fundão, tarehe 5 Novemba 2015, uliua watu 19 na kulifagia kanisa dogo la Bento Rodrigues, si mbali na ninyi. Ninyi mliyaona kwa macho, mimi niliyaona kwenye televisheni. Ndani ya Mtakatifu Fransisko kuna dari ya mbao na altare ya mbao, na Brazili ilishaona Makumbusho ya Taifa ya Rio yakiungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018. Sitawafundisha kazi yenu. Naomba tu mifereji ya maji ya mlima izibuliwe kabla ya mvua wala si baada yake, na malori mazito yasiruhusiwe kutikisa mawe ya barabara karibu na minara.

Narudi kwenye majina, nimalize.

Nimefikiria yaandikwe juu ya nini. Shaba itaonekana ngeni pale. Kioo hakifai. Naomba liwe bamba la jiwe la sabuni, kutoka shimo la Santa Rita, lichongwe na mafundi wa Santa Rita, lenye majina manne: Isabel, Maurício, Agostinho, Januário. Liwekwe ndani, pasipofikiwa na mvua, usawa wa kifua, ili mtoto aweze kusoma na kipofu aweze kugusa. Herufi zichimbwe kwa kina cha nusu kidole zisije zikalika upesi kwa kuguswa, maana zitaguswa.

Mkikubali, nitumieni ujumbe. Nitakuja kwa nauli yangu, na msasa wangu, na nitapiga msasa wa mwisho pamoja nao. Kazi hiyo huko kwetu ni ya akina mama. Mama yangu amenifundisha.

Wenu katika kazi,

Mchongaji wa mawe,
Tabaka, Kisii, Kenya